Deni la Pumzi

Mvua ya Dordrecht imeling'ang'ania dirisha tangu Alhamisi,
nami nimerudi kwenye juzuu ya kwanza.
Jalada limebanduka. Kurasa zinanuka dizeli,
maana ziliishi miaka minane chini ya godoro langu
ndani ya tishali la baba, Aaltje:
makaa kupanda mto hadi Koblenz,
kokoto kushuka.

Vitabu saba vya ukoo wa Orvanne,
wachuuzi wa nyota hadi nyota,
wauzao mbegu, dawa, na habari
zilizochacha kwa umbali.
Kila mtoto azaliwaye chomboni
hufunguliwa ukurasa katika daftari la nahodha:
hewa aliyovuta, maji aliyokunywa.
Akitimiza kumi na tano husomewa jumla,
kisha huapa, kiganja juu ya chuma:

     Hewa yenu nimevuta,
     maji yenu nimepata,
     deni sitalikung'uta
     hadi nyota kuzimika.

Nilikichukia kiapo hicho.
Nilimchukia zaidi nahodha Tesmerin,
mama mwenye kalamu isiyokauka wino.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikisoma kwa tochi
katika bweni la watoto wa mtoni, Nijmegen,
Jumapili usiku, baada ya baba kunishusha gatini
na mfuko wa nguo safi na matufaha mawili,
bila kuzima injini.

Bila kuzima injini:
hilo ndilo nililoliandika mimi
katika daftari langu.

Basi nilishuka, sikupanda tena.
Natengeneza meno ya bandia. Hidde, mdogo wangu, alibaki.

Sasa nina arobaini na moja, nasoma polepole.
Juzuu ya tatu, sura ya kumi na moja, sentensi moja tu,
mwandishi kaipitisha kama mtu anayepitisha chumvi mezani:
kwamba Tesmerin hali chakula siku za hesabu.
Hakuna anayeuliza kwa nini.
Nikarudi juzuu ya kwanza, kidole kikibaki kule,
nikautafuta ukurasa wa Ilvade, bintiye.
Tarakimu zinapungua bila sababu,
gramu kwa gramu,
miaka kumi na minne.

Msichana aliapa kulipa deni lililokwisha kulipwa.
Na mama akamwacha aape.

Nilikilaza kitabu kifudifudi, nikachemsha kahawa, sikuinywa.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa.
Na deni ambalo hukuonyeshwa risiti yake?
Sijui kama ule ulikuwa upendo
au wizi wa aina ya pekee,
kumnyima mtu hata nafasi ya kushukuru.

Juzi Hidde alipiga simu. Baba anauza.
Mgongo umekataa, na kuna Mbelgiji mwenye fedha taslimu.
"Inatakiwa sahihi yako," akasema.
"Yangu ya nini?"
"Robo ya tishali ina jina lako. Tangu ulipoondoka. Hukujua?"
Sikujua.
"Na bima ya robo hiyo?" nikauliza, kama mjinga.
"Analipa Gerlof," akasema. Humwita baba kwa jina
wanapokuwa wamegombana.

Leo nimeiegemeza simu kwenye juzuu ya nne.
Inaonyesha vyombo vyote vya mtoni kama vidoti vya kijani.
Aaltje anaipita Lobith, mzigo umejaa,
kilometa tisa kwa saa.
Najua nani atakufa katika juzuu hii.
Najua hata ukurasa, una doa la mchuzi wa njegere.
Bado nasoma kana kwamba safari hii
mtu atamwonya.

Kidoti kinasogea. Kinasita. Kinasimama.
Labda ni foleni tu, au wanamenya viazi.
Nanyamaza, kitabu kifuani, nikitega sikio,
kana kwamba kutoka hapa, katika mvua hii,
mtu anaweza kusikia
injini ikizimwa.